Miezi Tisa ya Maskati

1

Kiti kilikuwa kitupu.

Mama alidhani mashine imeharibika. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa tena. Kiti kilikuwa palepale upande wa pili wa kioo, cha mbao, kina mto wa bluu, na hakuna mtu aliyekikalia.

"Mbona haji?" akamuuliza mshauri. "Kachelewa?"

Bwana Semboja, mshauri wa ofisi, alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya chini, na nadhani siku ile alitamani angekuwa na kazi nyingine yoyote. "Hajachelewa, Bi Mkubwa," akasema. "Hii ndiyo Kesho ya Nyumba ya Mikono. Miaka miwili kuanzia leo."

"Sasa mwanangu yuko wapi?"

Semboja akanitazama mimi. Mimi nikatazama sakafu.

"Hayupo, Mama," nikasema.

Ndipo akaelewa. Hakupiga kelele. Alinishika mkono akaubana mpaka pete yangu ikaniuma kidoleni, na midomo yake ikawa inasema maneno ya Mungu bila sauti. Mimi nilikuwa na hasira, nisikufiche. Hasira na kile kiti, hasira na ule mto wa bluu, kwani nani alikaa akafikiria kuwawekea maiti mto?

Kaka yangu Hemedi mwenyewe, yule wa leo, alikuwa hai chumba cha tatu kwenye korido hiyohiyo, anatetemeka kwa arosto, maumivu ya kukosa unga. Mtaani wanamwita teja. Nyumbani kwetu neno hilo halitamkwi, tunasema "mgonjwa wetu". Zamani soba, zile nyumba za kuachia unga, zilikuwa zinajitangaza kwa picha nzuri za bustani, familia zinapeleka watu wao, halafu wanarudishiwa wana makovu ya minyororo, au wanarudishiwa sanda. Ndipo ikaletwa sheria kwamba hakuna familia itakayotia saini kabla ya kuiona Kesho. Wanachukua damu ya mtu wako, wanamvisha kofia ya waya usiku mmoja, wanachukua simu zake za miaka kumi na vyeti vyote vya hospitali. Kisha familia mnajaza fomu yenye maswali mia tatu na arobaini. Mashine inampitisha mtu wako katika nyumba hiyo mara mia moja, na inamkalisha kwenye kiti yule anayetokea mara nyingi zaidi. Mnakaa mnaongea naye.

Kwa Nyumba ya Mikono, Hemedi alipitishwa mara mia, akafa mara sitini na moja.

"Tuonyeshe ile nyingine, baba," Mama akasema.

Semboja akagusa meza. Kioo kikafanya ukungu kidogo, kikatulia, na kaka yangu akawa ameketi.

Loo, jamani! Alikuwa amenenepa. Kanzu nyeupe imenyooshwa, meno ya mbele yamewekwa, kucha safi. Nilikuwa sijaziona kucha zake safi kwa miaka mitano. Nyuma ya sikio lake la kulia palikuwa na kovu dogo la urefu wa punje ya mchele, na humo ndimo kilimokuwa kizimio. Nyumba ya Mikono, kule Lushoto, wanakutibu kwa kazi tu, lakini Nyumba ya Utulivu wanakupachika kizimio wiki ya kwanza, unakaa nao miezi mitatu, unatoka. Kile kidude kinapunguza moto pale kwenye ubongo ambapo hamu inaanzia. Kikishaota mizizi hakitolewi.

"Assalaam alaykum, Mama," akasema Hemedi wa kwenye kioo.

"Waalaykum salaam, mwanangu weee!" Mama alikuwa amesimama, viganja vyote viwili kwenye kioo. "Unakula? Unalala?"

"Nakula, Mama. Nalala. Nafanya kazi bohari ya dawa, nahesabu makasha."

"Alhamdulillah! Saumu, umemsikia?"

Nilimsikia. Lakini mimi nilimjua kaka yangu. Hemedi alikuwa mpishi wa shughuli, harusi na hitima, sufuria za kulisha watu mia nne. Alikuwa anaonja mchuzi kwenye kiganja, tone moja, anafumba macho. Ukimwekea chakula kibaya hakuhurumii hata uwe nani. "Nani kapika hiki? Akamatwe!" Alimwambia hivyo mama mkwe wangu, mbele ya wakwe wote, na mama mkwe akacheka mpaka akapaliwa.

Nikamsogelea yule wa kwenye kioo. "Kaka, bado unapika?"

"Wakiniambia nipike, napika."

"Na ukiletewa pilau haina chumvi?"

"Nakula. Ni riziki."

"Una hamu ya nini, kaka? Kitu chochote."

Akafikiri. Alifikiri kwa adabu, kama mtu anayetafuta jibu la mtihani ili asimwudhi mwalimu. "Sina hamu ya kitu, mdogo wangu. Nimetulia."

"Ametulia!" Mama akalia kwa furaha. "Umeona? Mwanangu ametulia!"

2

Semboja alinitoa koridoni, akanipa maji. Yalikuwa maji ya mtambo wetu. Kazi yangu ni kupima chumvi inayobaki kwenye maji ya bahari yakishasafishwa, na hata katika dhiki ile ulimi wangu uliniambia kwamba zamu ya usiku walizembea.

"Swali la mia mbili na kumi na mbili," akasema. "'Je, mgonjwa amewahi kuacha kwa zaidi ya siku thelathini?' Umeandika hapana."

"Ndiyo."

"Mtu wa miaka thelathini na minane, ana mkono wa kazi, hajawahi kuacha hata mwezi mmoja?" Alikuwa anaongea taratibu. "Dada Saumu, fomu ya familia ina uzito kuliko damu. Mashine haiwezi kujua mtu aliwahi kusimama kama hakuna aliyeiambia. Mkijaza kwamba hakuna, inachukua kwamba hawezi. Nimeona viti vingi vitupu hapa, na vingine nilijua kabisa vimetokana na aibu za watu."

"Na Hemedi mwenyewe? Si mumuulize?"

"Maneno ya mtu aliye kwenye arosto hayaingizwi, ndivyo sheria inavyotaka. Nyinyi wawili ndio wadhamini. Ukiwa na nyongeza, naisoma kwa sauti mbele yako na mbele ya mama, mnakubali wote, naiendesha upya. Nusu saa. Lakini iwe kabla ya king'ora cha jua, kwa sababu kikilia tunafunga, na vitanda vinapewa wengine."

King'ora cha jua hulia saa sita kasoro dakika kumi, na baada ya hapo hakuna mtu anayeruhusiwa kutembea nje, kwa ukali wa jua, mpaka saa kumi. Nikatazama ukutani. Saa nne na nusu.

"Sina nyongeza," nikasema. Kisha nikasema, "Ngoja nimwone kwanza."

3

Niseme sasa, maana nisiposema sasa sitasema.

Miaka mitano nyuma Hemedi alitoweka nyumbani miezi tisa. Makorora nzima, mtaa wetu, ilijua yuko Maskati, anapika hotelini. Waliambiwa na Mama, na Mama aliambiwa na mimi. Kila Ijumaa nilimsomea salamu zake: "Mama, huku joto kali, lakini Waarabu wanajua kula." Salamu hizo niliziandika mwenyewe, nimejifungia chooni.

Hemedi alikuwa Muheza. Kwa treni kutoka Tanga hata saa moja haifiki.

Alianguka kwa arosto mlangoni kwa mamalishe mmoja mjane, Veridiana, Mkristo, mwenye kibanda cha meza tatu mkabala na stesheni. Yule mwanamke hakuita polisi wala hakummwagia maji. Alimtandikia magunia nyuma ya jiko, akamnywesha uji wa chumvi na ndimu siku kumi na moja, anamfuta matapishi huku anakaanga maandazi. Siku ya kumi na mbili akamtupia kisu: "Menya vitunguu, umelala vya kutosha." Basi akamenya. Mwezi wa pili akashika sufuria. Mwezi wa nne wasafiri walikuwa wanashuka kwenye treni kwa ajili ya wali wake. Alikuwa analala chumbani kwa Veridiana, ndoa hakuna, ya msikitini wala ya kanisani.

Nilikwenda kila mwezi kwa siri. Siku moja nilimkuta amemnyang'anya mteja kichupa cha chumvi. "Onja kwanza, bwana! Unanitukana mchana kweupe?" Nilicheka nikalia, nikakaa chini kwenye ndoo.

Halafu Salehe akanichumbia. Baba yetu alishafariki, baba wadogo hatuna. Walii wangu, mtu wa kuniozesha, alikuwa ni Hemedi, na bila walii hakuna nikaha. Nilimfuata Muheza. Nilimnunulia masanduku mawili mapya na manukato, ili ateremke Tanga kama mtu wa Maskati.

Veridiana alisimama mlangoni ameshika upawa. "Mchukue," akaniambia. "Lakini Jumatatu umrudishe. Huyu bado hajaiva."

Nikamwambia sawa, dada.

Hemedi alinioza kwa sauti iliyonyooka, hata shehe akamsifu. Jumatatu ikafika. Mama akasema haiwezekani, mtu katoka Maskati hata fungate ya dada yake haijaisha aondoke? Na mimi, mwenzangu, nilinyamaza. Niliona ameshapona. Niliona pia, na hili ndilo linalonichoma, kwamba si vizuri walii wangu arudi kulala kwa mwanamke asiye wake. Watu wakijua watasema walii alikuwa fasiki, ndoa ya Saumu ina kasoro. Siku ya kumi na sita walimkuta nyuma ya maghala na wenzake wa zamani. Veridiana alinipigia mara tatu. Sikupokea.

Kwa hiyo lile "hapana" la swali la mia mbili na kumi na mbili halikuwa la kumsitiri Hemedi. Nilikuwa najisitiri mimi.

4

Chumba chake kilinuka dawa ya sakafu. Alikuwa amejikunja kwenye godoro, makamasi yanatoka, miayo haimwishi, miguu inapiga ukuta yenyewe. Kulikuwa na kikombe cha chai karibu yake.

"Nani kapika chai hii?" akasema aliponiona. "Akamatwe."

Nikakaa chini nikamfuta uso kwa mtandio wangu.

"Nipo kwenye kiti?" akauliza.

Haikuruhusiwa kumwambia. Nikamwambia. "Kwa Utulivu upo. Umenenepa. Kwa Mikono hupo."

Miguu yake ikapiga ukuta, ikapiga tena. "Umewaambia Muheza?"

"Bado."

"Saumu."

"Mama atajua, kaka."

"Atajua nini? Kwamba niliwahi kuwa mzima?" Akajaribu kuinuka, akashindwa, akabaki ameegemea kiwiko. "Wale wa Mikono wana jiko. Nimesikia. Watu sitini wanakula pale kila siku, na anayepika ni mgonjwa mwenzao. Nipeleke kwenye jiko."

"Na ukifa?"

"Nikifa nitakuwa nimekufa nataka kitu." Meno yalikuwa yanagongana, lakini maneno yalikuwa yake. "Nimewaona waliotoka Utulivu. Mmoja tulikuwa naye mtaani, Shekue, si unamkumbuka alivyokuwa anapenda mpira? Nilimpita uwanjani, watu wanashangilia goli, yeye anatazama viatu vyake. Usinitie kile kipunje, mdogo wangu. Nakuomba kwa Mungu. Mimi nimekuoza."

Hakunilaumu. Alisema tu hivyo, mimi nimekuoza, akalala tena.

"Nitasema," nikamwambia.

"Sema sasa hivi, nisikie ukienda."

"Nitasema, kaka. Wallahi."

Nilipotoka akaniita. Nikageuka. "Ile chai," akasema, "ulete iliyotiwa iliki."

5

Nilimkuta Mama ameketi mbele ya meza ya Semboja, mkoba mapajani, tayari. Fomu mbili zilikuwa mezani na kidude cha kuwekea dole gumba. Saa tano na dakika ishirini.

"Mimi nimeshaamua," Mama akasema. "Nimezika mume, nimezika watoto wawili. Hemedi simziki. Nipeni yule aliye kwenye kiti."

"Mama, yule wa kwenye kiti hakuwa..." nikaanza.

"Hakuwa nini?"

"Hakuwa na hamu ya kitu chochote."

"Hamu ndiyo iliyotufikisha hapa!" Aligonga mkoba wake. "Mimi sitaki mpishi, Saumu. Nataka mtoto wa kunizika. Anipe salamu asubuhi, inatosha."

Sasa umwambie nini mama wa namna hiyo? Nilimtazama yule mama aliyefua sare za watu ili sisi tusome, ana presha, ana sukari, na miaka mitano amekuwa akisimulia Maskati kwa majirani. Ningemwambia kwamba Maskati ilikuwa Muheza. Kwamba salamu zake zilitoka chooni. Kwamba mtoto wake alikuwa amepona, na mimi ndiye niliyemtoa alikopona ili nipate mume, nikamwacha aoze. Yote hayo yangesomwa kwa sauti na Semboja, sentensi baada ya sentensi, na Mama angekuwa ananitazama.

"Kabla ya dole," Semboja akasema, na alinitazama mimi tu, "sheria inanitaka niulize. Kuna nyongeza yoyote?"

Mama naye akanigeukia. Alinitazama kwa muda mrefu.

"Una hakika huna la kusema, mwanangu?" akaniuliza.

Nilidhani ananiuliza kuhusu nyumba. Kooni mwangu palikuwa na neno Muheza, zima, herufi zote. Nikawaza binti yangu, watu wakimwita mtoto wa ndoa ya mashaka. Nikawaza kwamba sitini na moja wamekufa, na mashine huenda isibadilishe kitu, na nikisema halafu kiti kibaki kitupu nitakuwa nimejivua nguo bure. Akili ya mtu anayeogopa ina sababu nyingi, haki ya Mungu.

"Hakuna," nikasema.

Mama akaweka dole. Nikaweka la kwangu. King'ora cha jua kikalia, wakateremsha mapazia ya chuma madirishani, na tukakaa gizani pamoja na taa ndogo ya mezani mpaka saa kumi, mimi na Mama. Kutoka chumba cha tatu nilisikia miguu inapiga ukuta. Chai ya iliki sikupeleka.

6

Siku ya arobaini tangu tuweke dole nilirudi kwa Semboja peke yangu. Nikamwambia Muheza yote. Aliandika bila kuinua kichwa.

"Kizimio kimeshashika," akasema. "Hii haitabadilisha kitu. Unataka kuiona ya nini?"

"Niwekee ile ya Mikono."

"Dada Saumu, nenda nyumbani."

"Niwekee, nimesema!"

Ilichukua nusu saa, kama alivyosema mara ya kwanza. Kioo kikafanya ukungu, kikatulia.

Hemedi alikuwa ameketi. Mwembamba, mishipa ya shingo imetoka, mikono ina alama za kuungua mafuta, aproni chafu. Alinusa, akakunja uso.

"Humu ndani nani kafunga madirisha? Mnatufukiza?" Akaniona. "Saumu! Mbona umekonda, Salehe hakulishi? Njoo Lushoto nikupikie. Wiki iliyopita Veridiana alileta samaki, kamwaga ndimu kama anafua nguo, nikamfukuza jikoni kwangu. Kesho nitamwomba radhi. Ah, nina njaa mimi! Wewe umekula?"

Nilitia paji la uso kwenye kioo.

"We, unalia nini?" akasema. "Kaa, nikwambie. Zipo siku mbaya. Jana ilikuwa mbaya, nilifika mpaka kwenye geti. Nikarudi, maharage yalikuwa motoni."

Semboja akazima.

"Hamsini na nne wapo," akasema. "Arobaini na sita hawapo. Nisingekuwa mkweli nikikuonyesha huyu nisikutajie hao."

Nilimshukuru. Nilitoka pale nikatapika kwenye mtaro, mbele ya watu.

7

Leo Hemedi ana miaka miwili tangu arudi. Kila kitu ni kama tulivyoonyeshwa. Kanzu ileile, meno yaleyale, bohari ya dawa, makasha. Anamsalimia Mama kila asubuhi. Majirani wananiambia nina bahati, wenzako wamezika. Ni kweli, wamezika.

Na mimi nimekuwa mwendawazimu kidogo, nakubali. Nilianza kwa kupunguza chumvi kwenye mboga yake. Akala. Nikatia pilipili ya kutoa machozi. Akala, machozi yanatoka, anajifuta taratibu. Ijumaa hii nilipika pilau kwa ajili yetu watatu, mapishi yake mwenyewe, nyama ya mbavu, bizari nzima, vitunguu vimekaangwa mpaka vikawa kahawia. Kisha nikachukua chumvi nikamwaga kikombe kizima. Mimi niliyesomea kupima chumvi. Nilitaka anitukane. Nilitaka aseme akamatwe.

Tukakaa mkekani. Mama akatia tonge moja mdomoni, akalitoa kiganjani, akaniangalia.

Hemedi akala. Tonge, tonge, tonge. Akanywa maji, akala.

"Kaka," nikasema. "Kikoje?"

"Kizuri. Ahsante."

"Si kizuri! Kina chumvi ya kuua mtu!" Nilijikuta nimesimama. "Sema basi! Nitukane! Nilikuapia nitasema Muheza, sikusema! Uliniomba kwa Mungu! Nitukane, Hemedi!"

Akaniangalia kwa upole. "Ulichagua vizuri, Saumu. Niko hai."

Nikageuka kwa Mama, maana nilikuwa nimeshafungua mdomo na haukufungika tena. Nikamwambia Maskati ilikuwa wapi. Nikamwambia ya Veridiana, masanduku, siku ya Jumatatu, simu tatu. Yote. Nilisubiri aanguke.

Mama aliweka lile tonge pembeni ya sahani.

"Nilikwenda," akasema.

"Wapi?"

"Muheza. Mwezi wake wa tano. Mke wa Mzee Kiure, jirani yetu, alimwona pale stesheni, akaja kunong'ona. Nilipanda treni nikasimama ng'ambo ya reli. Nilimwona mwanangu anamgombeza mteja, ameshika kichupa cha chumvi. Amenawiri. Na yule mwanamke nyuma yake anacheka." Aliificha mikono yake ndani ya kanga. "Sikuvuka. Nilisema nikivuka nitamtia aibu. Nikarudi nikawa nawasimulia watu Maskati."

"Ulijua." "Siku ile ofisini ulijua."

"Nilikuuliza. Nilikwambia una hakika huna la kusema? Uliposema hakuna, nikajua hutaki ijulikane. Ndoa yako. Mtoto." Sasa alikuwa analia waziwazi. "Nikasema ngoja nimsitiri binti yangu. Nilidhani mashine yao wataijazia wenyewe, wana akili. Mimi mshamba, Saumu, nilijuaje?"

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo.

Hemedi alikuwa ametusikiliza wote, akimgeukia anayesema, kama alivyofundishwa. "Veridiana," akasema. "Yule wa stesheni. Alikuwa mtu mwema."

Nikamsubiri. Mama naye akamsubiri, ameshika mdomo. Nilimtazama usoni, nikatafuta hata mkunjo mmoja.

Akatazama sahani yake. Ilikuwa imekwisha, mpaka punje za pembeni alikuwa amezikusanya. Akaisogeza mbele kidogo, kwa heshima, kama mgeni.

"Kama ipo," akasema.

Nikachukua upawa nikampakulia tena, na akala yote.